Habari za Jimbo la Massachusetts na Taarikhi Yake

Katika majimbo hamsini ya Marekani, Massachusetts ni miongoni mwa yale madogo, maana eneo lake lapata kilomita za mraba 27,000 tu, kiasi cha nchi ya Rwanda, na wakazi wake ni kama milioni 7. Walakini atakaye kufahamu jinsi taifa lile kubwa lilivyozaliwa hana budi kuanzia huko, kwa sababu mengi yaliyokuja kuwa desturi ya nchi nzima, ya heri na ya shari, yalitangulia kutendwa katika pwani ile ya mawe na baridi. Upande wa mashariki imeelekea bahari ya Atlantiki, ambako rasi ya Cape Cod imejitokeza majini mfano wa mkono uliokunjwa kwenye kiwiko. Ardhi yake haina rutuba nyingi, na kwa miezi kadhaa ya mwaka theluji huifunika, na ndiyo sababu watu wake tangu zamani walitia tamaa yao baharini kuliko mashambani.

Nchi hiyo haikuwa tupu walipofika Wazungu. Walikuwako Wawampanoag, Wanipmuc na Wamassachusett, ambao jimbo limechukua jina lao, watu waliolima mahindi, maharage na maboga, na kuvua samaki kwa majira. Baina ya 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na merikebu za Ulaya yaliwafyeka watu wa pwani, vijiji vizima vikabaki mahame. Basi merikebu iitwayo Mayflower ilipowasili mwishoni mwa 1620, imebeba abiria 102, wahajiri hao walijenga mji wao wa Plymouth juu ya mashamba ya kijiji cha Patuxet, ambacho wenyeji wake walikuwa wamekufa. Mmoja wao alisalimika: Tisquantum, aliyeibwa na nahodha wa Kiingereza mwaka 1614 na kupelekwa Hispania kuuzwa, akafika London, kisha akarejea kwao asikute jamaa hata mmoja. Mtu huyo, ambaye angekuwa na haki ya kuwachukia Waingereza wote, ndiye aliyewafundisha wageni namna ya kupanda mahindi, baada ya nusu yao kufa katika majira ya kwanza ya baridi. Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, akafunga nao mkataba wa amani mwaka 1621, na mkataba huo ulidumu miaka zaidi ya hamsini.

Kundi kubwa zaidi lilifuata mwaka 1630 chini ya John Winthrop, likaanzisha mji wa Boston. Hawa walikuwa Wapuritani, Wakristo wenye msimamo mkali, waliohama Uingereza kwa kuona kuwa kanisa la huko halikutakaswa vya kutosha, na kufikia 1640 wenzao wapatao 20,000 walikuwa wamevuka bahari. Sifa yao kubwa, nami naitaja kabla ya lawama zao kwa kuwa ni haki yao, ni mapenzi ya elimu. Waliasisi chuo cha Harvard mwaka 1636, wakiwa bado wanafyeka msitu. Na sheria yao ya 1647 iliuamuru kila mji wenye nyumba 50 kumweka mwalimu wa kusomesha watoto, ili Shetani asipate kuwaficha watu maana ya Maandiko. Lakini waliokimbia dhulma ya dini hawakukubali wengine wawe na dini yao. Roger Williams na Anne Hutchinson walifukuzwa nchini kwa sababu ya itikadi zao, na Mary Dyer, mwanamke wa madhehebu ya Quaker, alinyongwa Boston mwaka 1660. Mwaka 1692, katika mji wa Salem na vijiji vya jirani, khofu ya uchawi iliwatia watu wazimu hata wakanyongwa watu kumi na tisa, na mzee mmoja akafa kwa kukandamizwa na mawe, kwa ushahidi ambao kadhi mwenye akili timamu asingeupokea. Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu wa kesi hizo, alisimama kanisani miaka mitano baadaye, mbele ya jamaa wote, maungamo yake yakasomwa. Na mwaka 1700 akatoa kijitabu cha kupinga biashara ya watumwa.

Ama wenyeji, amani yao na Wazungu ilivunjika kwa ardhi. Metacom, mwana wa Massasoit, ambaye Waingereza walimwita Mfalme Philip, aliona mashamba ya wageni yakizidi kusogea, na mwaka 1675 vita vikalipuka, vita ambavyo kwa kadiri ya idadi ya watu vilikuwa miongoni mwa vya kutisha mno katika taarikhi ya Marekani. Metacom aliuawa Agosti 1676; kichwa chake kikatundikwa Plymouth, na wengi wa watu wake wakauzwa utumwani ng'ambo.

Habari za uasi dhidi ya mfalme wa Uingereza zajulikana na wengi: jinsi watu wa Boston walivyotosa baharini makasha 342 ya chai usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, na jinsi risasi za kwanza za vita vya uhuru zilivyolia Lexington na Concord tarehe 19 Aprili 1775. Lililo kubwa zaidi kwangu ni lililofuata. Mwaka 1780 jimbo lilipata katiba, iliyoandikwa hasa na John Adams, na kifungu chake cha kwanza kilitamka ya kuwa watu wote huzaliwa huru na sawa. Jimbo hilohilo lilikuwa, kwa sheria yake ya 1641, la kwanza katika makoloni ya Waingereza huko kuuhalalisha utumwa, na waungwana waliopiga kura ya kuipitisha katiba hawakuwa wote na nia ya kuwafungulia watumishi wao.

Katika mji mdogo wa Sheffield, magharibi ya jimbo, alikuwako mjakazi aitwaye Bett, katika nyumba ya bwana mkubwa John Ashley. Hakujua kusoma. Lakini aliyasikia maneno ya uhuru yakizungumzwa na kusomwa, akayapima, akaona yanamhusu. Akamwendea wakili Theodore Sedgwick amfungulie mashtaka. Kesi ilisikizwa Great Barrington mwaka 1781, na baraza la wazee wa mahakama likahukumu kuwa yeye na mwenziwe Brom ni watu huru, na Ashley awalipe fidia. Akajiita Elizabeth Freeman, akaishi huru hadi kufa kwake mwaka 1829. Hukumu nyingine, katika kesi za Quock Walker, ikamalizia kazi hiyo mwaka 1783, na hesabu ya watu ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja katika jimbo zima. Sijui habari nyingine ya nchi ile inayonipa matumaini kama hii ya mwanamke asiyejua herufi aliyeifahamu katiba kuliko walioitunga.

Baada ya uhuru, watu wa Massachusetts walijaza bahari kwa merikebu zao: New Bedford waliwinda nyangumi, na Salem walifuata pilipili Sumatra, hata wakafika kwetu. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na balozi wa kwanza aliyekaa Unguja tangu 1837, Richard Waters, alikuwa mfanyabiashara wa Salem, aliyeshirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, mkodi wa forodha. Walichukua pembe, sandarusi na ngozi. Wakaleta bunduki, baruti, na zaidi ya yote ile nguo ya merekani iliyofumwa katika viwanda vya jimbo lao, ambayo misafara iliichukua hadi Tabora na Ujiji ikawa kama fedha. Yafaa tukumbuke mwendo wa nguo hiyo tangu asili yake. Pamba ililimwa na watumwa weusi katika majimbo ya kusini. Ikafumwa katika miji kama Lowell na wasichana waliosimama mbele ya mitambo saa kumi na mbili na zaidi kwa siku. Ikavuka bahari hadi Unguja, ambako mashamba ya karafuu nayo yalistawi kwa jasho la watumwa. Jimbo lililokwisha kuupiga marufuku utumwa ndani ya mipaka yake liliendelea kula matunda yake katika pande mbili nyingine.

Wako walioiona aibu hiyo. William Lloyd Garrison alianza kuchapa gazeti lake la Liberator mjini Boston tarehe 1 Januari 1831, akadai utumwa ufutwe mara moja pasipo fidia kwa mabwana. Na Frederick Douglass, alipotoroka utumwani mwaka 1838, alipata makazi New Bedford. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, Massachusetts iliunda kikosi cha 54 cha askari weusi, kilichoshambulia ngome ya Wagner tarehe 18 Julai 1863 na kupoteza watu wengi pamoja na kamanda wake, Robert Gould Shaw. Askari hao walikataa kupokea mshahara wowote kwa zaidi ya mwaka mzima, kwa kuwa waliahidiwa pungufu ya wazungu, hata serikali ikakubali kuwalipa sawa. Vita hivyo vilikatiza pamba, na merekani ya Salem ikapoteza soko lake Unguja kwa nguo za Uingereza na Bara Hindi.

Tangu hapo jimbo limebadilika sura. Njaa ya Ireland iliyoanza 1845 ilileta Wakatoliki kwa maelfu katika mji wa Wapuritani, wakadharauliwa kwa muda mrefu, mpaka kitukuu cha wahajiri hao, John F. Kennedy, mzaliwa wa Brookline, alipochaguliwa rais mwaka 1960. Viwanda vya nguo vilihamia kusini, na leo riziki ya jimbo yatoka zaidi katika vyuo, hospitali na maabara. Katiba ya 1780, pamoja na marekebisho mengi, ingali inatumika.

Vijana wetu kadhaa huenda Boston na Cambridge kusoma. Nawasihi wasikose kuzitafuta kumbukumbu za makumbusho ya Salem, mji ulio mwendo mfupi upande wa kaskazini, kwa sababu makumbusho hayo yamehifadhi barua, daftari za hesabu na kumbukumbu za safari za wale waliofanya biashara na babu zetu. Ndani yake mna bei, majina, pepo na ugomvi wa Unguja ya Sayyid Said, na kazi ya kuyasoma kwa macho ya mwenyeji wa pwani hii, na kuyaandika kwa Kiswahili, yawangoja wao.