Mzee Barzilai na waimbaji asiowasikia



Katika 2 Samweli 19 tunamkuta mzee Barzilai, mtu wa miaka 80. Alimlisha Daudi kule Mahanaimu wakati mfalme alipomkimbia Absalomu. Sasa Daudi anataka kumlipa: aende naye Yerusalemu, atunzwe huko. Barzilai anakataa. Anasema ladha ya chakula haipati tena, na waimbaji, wanaume kwa wanawake, hawasikii. Anaogopa kuwa mzigo.

Akina Barzilai tunao makanisani. Mama mzee aliyekuwa hakosi kesha, leo anabaki nyumbani, nasi tunasema amepoa. Hajapoa. Amechoka kuitikia "Amina" pasipofaa huku vijana wakicheka. Wengine wanasema mabaya zaidi: eti ni mchawi, kwa kuwa amepita njiani bila kusalimu. Kumbe hakumwona mtu! Neno hilo limekwisha kuua wazee katika nchi yetu, tuogope kulitamka.

Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba. Mzee anasikia kwamba unasema, lakini herufi kama s, f na t zinamponyoka. Umemwambia ibada ni saa tisa, yeye ameshika saa sita. Kumpigia kelele hakusaidii. Keti mbele yake, mwanga uwe usoni mwako, sema polepole. Na bafle zikiongezwa nguvu, haelewi zaidi, anaumia tu. Na vijana walio karibu nazo wanajiharibia masikio yao.

Wazee wengine wanatumiwa apareyi ya masikio na watoto walio Ulaya. Ni baraka, lakini apareyi hupangwa kufuatana na masikio ya mtu baada ya kupimwa. Ile ya marehemu jirani huenda isikufae. Tena inakuza kila kitu: kikohozi, kiti kinachoburutwa, jenereta. Ndiyo maana wengi huifungia sandukuni wiki ya kwanza. Tunashauri uanze nyumbani, mahali tulivu, ukiongea na mtu mmoja, saa chache, kisha uongeze siku kwa siku. Ubongo unahitaji majuma kadhaa kuzoea. Ikipiga filimbi, mara nyingi haikukaa vizuri, au sikio lina nta. Isiingie maji.

Kuhusu macho: mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya jicho lenyewe. Miwani ya sokoni haiuondoi, wala dawa ya matone. Daktari hufanya upasuaji na kuweka kioo kidogo kipya. Presha ya macho ni hatari kwa namna nyingine: huiba kimya kimya, na kilichopotea hakirudi, kwa hiyo tupimwe mapema. Tusitie maji ya majani machoni. Na mafuta ya upako tuyapake kwenye paji la uso, si ndani ya jicho.

Je, kuvaa miwani ni kukosa imani? Hezekia aliomba, Mungu akamwahidi uponyaji, na Isaya bado akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Sisi tunaombea wagonjwa na tunaamini Yesu anaponya. Lakini mhubiri asimwamuru mzee kuvunja miwani yake madhabahuni au kuacha matone ya presha ya macho. Kama ameponywa, daktari akimpima ataona.

Na asiyeona hajamaliza huduma. Nabii Ahiya alikuwa amepofuka kwa uzee, hata hivyo Mungu alimjulisha ni nani anayekuja mlangoni (1 Wafalme 14). Tuwape wazee wetu nafasi ya kuombea na kubariki.

Daudi hakumlazimisha Barzilai. Alimbusu, akambariki, akamchukua Kimhamu badala yake. Mashemasi wanaweza kumtafutia kila mzee Kimhamu wake: mjukuu au kijana wa kwaya anayemsomea andiko Jumamosi jioni, anayeketi naye benchi ya mbele, mbali na bafle, na kumrudia matangazo pole pole baada ya ibada. Ibada ya jioni ikiisha, amshike mkono mpaka nyumbani, maana giza na mashimo ya njia ndivyo vinavyowaangusha.