Maneno ya Kiingereza Yasemwayo kwa Kukana na kwa Kinyume

Waalimu wengi hudhani ya kuwa ugumu wa Kiingereza u katika wingi wa maneno yake. Sisi twaona sivyo. Neno lisilojulikana hutafutwa katika kamusi likapatikana; bali neno lijulikanalo, likitumiwa kwa maana isiyo yake, humpoteza msomaji wala hana habari ya kuwa amepotea.

Tashbihi na istiara hazitutaabishi sana. Mwingereza akimwita shujaa simba, nasi twamwita vivyo hivyo. Hata chuku yake twaifahamu: asemapo kwamba amekwisha kukuonya mara elfu, hakuna ahesabuye.

Taabu iko kwingine. Mwalimu mmoja tumjuaye alipelekewa barua na mkaguzi Mwingereza, nayo yasema ya kuwa kazi ya wanafunzi wake si mbaya. Alihuzunika sana, akawakemea wanafunzi, akaazimu kuomba ahamishwe. Mwenzake aliyezoea lugha ile alipoisoma barua alicheka, akamwambia, "Bwana, umesifiwa."

Namna hii ya usemi ni kuthibitisha jambo kwa kukana kinyume chake. Wayunani waliipa jina litokalo katika neno la kwao lenye maana ya jambo sahili, lisilopambwa. Wala si ya Waingereza peke yao: katika Matendo ya Mitume 21:39 Paulo autaja mji wake wa Tarso kwa njia hiyo hiyo, na Kiyunani chenyewe ndivyo kisemavyo. Nasi je? Mtu akiulizwa habari za mavuno akajibu "si haba", hatumpi pole! Ufunguo basi wanafunzi wanao vinywani mwao. Kazi yetu ni kuwaonyesha mlango.

Kinaya ni kigumu zaidi. Mama amwambiapo mtoto aliyevunja mtungi, "Ahsante, umenisaidia kweli," mtoto hutambua kwa sauti na kwa macho. Kitabu hakina sauti. Mwaka 1729 Jonathan Swift alitoa kijitabu chenye shauri kwamba watoto wa maskini wa Ireland wauzwe wawe chakula cha matajiri, akapanga na hesabu zake kwa utulivu kama mfanya biashara. Asiyetambua kinaya atamwita mwandishi huyu mla watu, na kumbe alikuwa akiwashutumu wale waliowaacha maskini wafe njaa. Katika mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar, uliotafsiriwa kwa Kiswahili na Julius Nyerere mwaka 1963, Antony awaita wauaji watu wa heshima. Mara ya kwanza laonekana ni neno la adabu tu. Alirudiapo, huku akitaja mema ya marehemu, sifa yageuka kuwa mashtaka. Twapenda kumpa mwanafunzi mmoja asome hotuba hiyo kwa sauti, na wenzake wainue mkono pale wanapoanza kutomsadiki msemaji. Mikono haiinuki pamoja, na mabishano yafuatayo hufundisha kuliko maelezo yetu.

Neno moja la tahadhari. Kukana ubaya ni sifa, lakini kukana uzuri si sifa ndogo. Mwingereza aandikapo ya kuwa kazi si nzuri sana, mara nyingi amekusudia kusema ni mbaya, ila adabu imemzuia. Barua ya namna hiyo ikimfikia mwalimu, hapo ana haki ya kuhuzunika.