Roketi ya etaji mbili: haiko nguvu tu, ni kujua saa

Tukitaja roketi, ile sisi tunaita fusée, wengi kwetu wanasema njo kazi ya wazungu. Lakini kule Menkao, mashariki ya Kinshasa, mukongomani mwenzetu Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake Troposphère. Troposphère 4 iliruka mwaka 2008 na etaji mbili. Mwaka 2009, Troposphère 5 ilibeba panya ndani, ikaacha njia yake na kuanguka.

Kwa nini kazi hii ni ngumu? Mwenye kutumika shimoni atafahamu mbio. Tunapopasua jiwe, matundu ya baruti hayalipuki yote mara moja. Ya katikati njo yanatangulia na kufungua nafasi, ya pembeni yanafuata. Mpango ukivurugika, jiwe halitoki vizuri. Roketi vilevile: motere ya chini ikimaliza, ya juu inashika moto. Ikichelewa, roketi imekwisha kuinama, na moto wa pili unaisukuma pembeni, pengine kwenye watu.

Kuko roketi ndogo zinazouzwa vipande-vipande: mrija wa karton, mabawa ya mti mwepesi, kichwa, parashiti. Motere zinatoka fabriki. Katika zile za etaji mbili, motere ya chini ikiungua mpaka mwisho, moto wake unaruka na kuwasha ya juu. Kwa hiyo etaji zishikamane vizuri, na mabawa yanyooke.

Mbele ya kuirusha tunaipima. Roketi ikiwa na motere zake, tunaifunga kamba pahali inapokaa sawa bila kuinama, tunaizungusha hewani. Kichwa kikitangulia, iko tayari. Mkia ukitangulia, tunaongeza uzito kichwani. Kisha tunapima etaji ya juu peke yake. Siku ya upepo mwingi, hatuirushi. Na tunaiwasha kwa waya na pile, tukiwa mbali.

Sasa neno kwa bababa. Baruti ya mine haipandishi roketi! Ile ya roketi inaungua. Ya mine inapasuka mara moja na kutawanya bomba lote. Musilete nyumbani hata kipande kidogo. Detonatere moja inatosha kukata vidole vya mtoto. Mtoto akipenda roketi, tumupe karton, gundi na kamba. Kupima njo mwanzo wa ufundi.