Bunduki Isiyoua na Mwari wa Naivasha

Alikuwako Mfaransa mmoja aliyewalenga ndege kwa bunduki, akavuta kifyatulio, na ndege wakaenda zao wazima. Jina lake Étienne-Jules Marey. Alikuwa msomi wa mambo ya mwili, na kilichomkosesha usingizi ni bawa: linapopiga hewa, hufanya nini hasa? Jicho la binadamu halina kasi ya kuliona. Basi mwaka 1882 akaunda bunduki ya picha, yenye bamba la kioo lililozunguka ndani na kunasa picha 12 kwa sekunde moja.

Akawalenga ndege wa baharini kule Naples, Italia. Picha zikatoka. Bawa juu, bawa katikati, bawa chini, yote yapo; lakini ndege wenyewe ni maumbo meusi tu, hayana jicho wala unyoya. Mbona weusi? Kwa sababu anga iliyokuwa nyuma yao iling'aa kuliko wao. Shikeni hilo, wajukuu zangu, twende nalo Naivasha.

Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa, Kenya, juu sana kutoka usawa wa bahari, na alfajiri yake ina baridi ya kuuma masikio. Ukisimama ufuo wa magharibi, jua linachomoza mbele yako, ng'ambo ya maji, kwenye saa 12 na nusu. Kati yako na jua anaelea mwari, yule ndege mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo. Asubuhi hana haraka. Anangoja ardhi ipate joto, hewa ianze kupanda, ndipo aelee juu yake bila kujichosha kupiga mabawa. Muda huo wa kungoja kwake ndio wako wa kupiga picha.

Unainua kamera, unabofya, na mwari anatoka mweusi kama wale ndege wa Marey.

Kamera, hata iwe ya bei gani, haimjui mwari. Inapima mwanga wote ulio mbele yake, na ikiona umezidi inaupunguza. Maji yanayomeremeta yameizidi, imepunguza, na mwari aliyetupa upande wake wa kivuli amezama gizani. Hapo kamera haina la zaidi. Uamuzi ni wako, na njia ziko mbili.

Ya kwanza ni kukubali weusi. Picha za ndege weusi mbele ya jua jekundu zimejaa kwenye kalenda hadi zimenichosha, lakini sikatai, zikipigwa vizuri zinapendeza. Sharti ni moja: umbo lisomeke. Mwari akikutazama usoni huwa bonge lisilo na maana. Akigeuka ubavu, mdomo wake mrefu unajitenga na shingo na hata mtoto mdogo atamtambua. Asigusane na mwenzake, asiingiliane na matete, la sivyo utapata mnyama wa vichwa vitatu.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda. Iambie kamera iongeze mwanga, hatua moja au mbili juu ya ule iliouchagua. Manyoya yanarudi, ila anga nayo inakuwa nyeupe kupita kiasi. Kwa hiyo sogea kando, hatua kushoto au kulia, mpaka jua litoke kwenye picha na nyuma ya ndege yabaki mafunjo. Upande wa mafunjo unaokuelekea bado una kivuli. Dhidi ya giza hilo, kingo za ndege zinawaka kama pindo la dhahabu kwenye kanzu. Marey naye aliishia huko huko: baadaye aliwarusha ndege weupe mbele ya ukuta mweusi, na safari hii mabawa yakaonekana.

Sasa tazameni mambo ambayo jua la mgongoni kwako haliwezi kukuonyesha. Unyoya umeumbwa kwa keratini, kitu kile kile kilichoumba kucha zenu, na ukiwa mwembamba hupitisha mwanga. Yangeyange, aliye mweupe mwili mzima, hung'aa wote akikunjua mabawa. Mwari hang'ai wote. Manyoya yake makubwa ya kurukia ni meusi, yana melanini, rangi inayoyaimarisha na inayozuia mwanga. Ndiyo maana bawa lake likipanda mbele ya jua, sehemu nyeupe inawaka na ukingo wa nyuma unabaki giza. Halafu kuna ule mfuko: ngozi yake ni nyembamba, na jua likipita ndani yake utaiona mishipa ya damu imetandaa kama mizizi. Akijitikisa, kila tone la maji linawaka; kulisimamisha hewani kunataka kasi ya sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, au zaidi.

Futa lenzi kwanza. Alama ya kidole ambayo mchana huioni, ukielekea jua inakuwa ukungu picha nzima. Kinga lenzi kwa kofia. Na usilitazame jua lenyewe kupitia darubini au tundu la kamera, hata kufumba na kufumbua, kwa kuwa lenzi hulikusanya na kulichoma jicho. Angalia pia nyuma yako: kiboko anayerudi ziwani kutoka malishoni hapendi kumkuta mtu njiani.

Wapo waendesha boti wanaorusha samaki ili kwazi, yule tai mla samaki, ashuke kwa ajili ya kamera. Mimi ningemngoja awinde mwenyewe. Kumrushia ndege jiwe ili aruke, hilo hata tusilijadili.

Fanyeni haraka, maana karibu na ikweta jua hupanda takriban wima, digrii 15 kwa saa. Ikifika saa 2 na nusu liko juu, na pindo la dhahabu limekwisha.

Na asiye na nauli ya Naivasha? Nyumbani kuna jogoo. Mweke kati yako na jua la asubuhi, gusa picha yake kwenye kioo cha simu, kisha telezesha kidole kuongeza au kupunguza mwanga. Anza na kile kishungi chekundu cha kichwani, kinapitisha mwanga vizuri ajabu. Ila subiri amalize kuwika, akiwika hatulii.