Kukimbia ili Msitu na Wanyama Wapone

Tumeulizwa mara nyingi: mtu akikimbia mpaka atoke jasho, kifaru anasaidikaje? Swali ni zuri. Tulijibu kwa mfano wa Lewa, kisha tuone vikundi vyetu vinaweza kujifunza nini.

Lewa iko Meru, kaskazini ya Mlima Kenya, karibu na Isiolo. Zamani ilikuwa shamba la ng'ombe. Mwaka 1983 sehemu yake ilitengwa iwe hifadhi ya vifaru, kwa sababu majangili walikuwa karibu kuwamaliza. Inakisiwa kwamba mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi 20,000 hivi, lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400. Leo wamepita 1,000. Lakini kifaru hajilindi. Askari wa doria lazima alipwe, ua utengenezwe, gari liwekwe mafuta. Hiyo yote ni pesa.

Basi mwaka 2000 Lewa na shirika la Tusk la Uingereza walianzisha mbio ndani ya hifadhi. Hufanyika mwezi wa Juni, kwenye barabara za udongo, katikati ya pundamilia na twiga. Si mchezo, maana mahali hapo ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na jua ni kali. Walinzi wenye silaha husimama njiani, na ndege huzunguka juu kuangalia ndovu na simba wasikaribie. Mzunguko ni mmoja wa kilomita 21. Wa kilomita 42 wanauzunguka mara mbili.

Pesa hutoka wapi? Kuna mifereji mitatu. Wa kwanza, mkimbiaji hulipa ada. Wa pili, wakimbiaji wengi huwaendea rafiki na wafanyakazi wenzao waahidi mchango. Wa tatu, makampuni husaidia, kama Safaricom ambayo kwa miaka mingi mbio hizo zilibeba jina lake.

Tuchukue mfano wa kikundi chenye msitu mdogo au chemchemi ya kutunza. Watu 60 wanakimbia, kila mmoja analipa shilingi 100. Hapo mna 6,000. Kila mmoja akitafuta watu watano wa kutoa shilingi 50, mnapata 15,000 zaidi. Jumla ni 21,000. Gharama za maji, namba za kifuani na huduma ya kwanza zikiwa 8,000, mnabaki na 13,000. Lakini mwenye duka akitoa maji na zahanati ikimtoa muuguzi, na gharama zikapungua kwa 5,000, mnabaki na 18,000. Mnaona? Mchango mkubwa umeletwa na wale ambao hawakukimbia kabisa. Hata asiye na pesa anatoa miguu yake, na miguu hiyo inaita pesa za wengine.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Jirani wa hifadhi ndiye ndovu humlia mahindi na chui humchukulia mbuzi. Akiona wageni wanakimbia wakifurahi, naye hapati kitu, atauliza: hawa wanyama ni wa nani? Ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana pesa za mbio za Lewa hazikwendi kwa wanyama peke yao, bali pia kwa shule, afya na maji ya watu walio kandokando. Mtu ambaye mtoto wake anasoma kwa sababu ya msitu hatamficha jangili.

Mkitaka kujaribu, fanyeni hivi:

1. Kubalianeni kwanza pesa ni za kazi gani, na jirani wa msitu awe ndani ya kamati.
2. Mjulisheni chifu na polisi mapema. Msitu ukiwa wa serikali, ombeni ruhusa kwa Shirika la Misitu. Palipo na wanyama wakali, waoneni watu wa KWS.
3. Chagueni mzunguko mfupi. Ni rahisi kuulinda na kuwapa watu maji, na hakuna atakayepotea.
4. Msikate njia mpya. Fuateni iliyopo, na takataka zote zirudi nyumbani.
5. Kila shilingi iandikiwe risiti. Baada ya wiki mbili mweka hazina asome hesabu mbele ya baraza, zilizoingia na zilizotoka.

Hili la tano msiliruke. Watu watakimbia mwaka wa kwanza kwa sababu ni sherehe. Mwaka wa pili watakimbia kwa sababu waliona miche imepandwa na hesabu imesomwa.

Maswali ya kujadili kikundini: Sisi tunatunza nini ambacho wengine wangekubali kukikimbilia? Na ni jirani yupi anayeumia kwa sababu ya utunzaji huo? Tumemsikiliza?