Ukungu Kiooni: Namna ya Kufufua Hita ya Lori Lako

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma huanza safari kwenye joto la pwani, na dereva wala haikumbuki hita. Likishapanda Kitonga, likashika Mafinga, Makambako hadi Uyole, habari ni nyingine. Alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai, pumzi za dereva na utingo wake hugusa kioo kilichopoa, mvuke unageuka matone madogo, na kioo cha mbele kinakuwa cheupe pee. Madereva wa Kenya wanaijua hali hiyo Limuru na Timboroa. Hapo dereva hushika usukani kwa mkono mmoja na kufuta kioo kwa kitambaa kwa mkono wa pili, huku tani 30 zikisukuma nyuma yake. Kila akifuta, ukungu unarudi.

Matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo yamewekwa kwa ajili ya dakika hizo. Ni kifaa cha usalama, sawa na waipa na taa, na yanapokufa yanastahili kutengenezwa mapema. Habari njema ni kwamba hitilafu nyingi za mfumo huu dereva anaweza kuzitafuta na kuzimaliza mwenyewe, mradi afuate mpangilio.

Kwanza ujue unavyofanya kazi. Maji ya moto kutoka kwenye injini hupita katika mpira mmoja, huingia kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, kisha hurudi kwenye injini kwa mpira wa pili. Feni husukuma hewa kupitia rejeta hiyo, hewa inapata joto, na vilango vya ndani huipeleka kiooni, usoni au miguuni. Kwa hiyo maswali ni matatu tu: je, hewa inatoka? Ina joto? Inakwenda inakotakiwa?

Anza na hewa, kwa sababu ndiyo rahisi. Feni isipozunguka kabisa, kagua fyuzi yake, kisha plagi ya waya kwenye mota. Mara nyingi utaikuta imelegea au imeungua. Feni ikifanya kazi kwenye kasi ya juu pekee, tuhumu rezista yake. Ni kipande kidogo kilichofungwa kwa skrubu mbili hivi karibu na feni, na hubadilishwa kwa bisibisi. Feni ikizunguka lakini upepo ni hafifu, kagua mahali hewa inapoingilia na chujio la kabini kama lori lako linalo. Majani makavu, vumbi la barabarani na viota vya panya huziba njia. Pitisha tochi pia kwenye matundu ya juu ya dashibodi. Risiti za mizani na karatasi za mzigo zinazowekwa pale hupenya ndani na kuziba njia ile ile ya kufutia ukungu.

Hewa ikitoka kwa nguvu lakini ni baridi, hamia kwenye maji. Injini ikiwa imepoa, fungua mfuniko wa rejeta kubwa utazame kiwango. Usiufungue injini ikiwa ya moto, maana maji yake yana shinikizo na yatakuunguza. Maji yakiwa sawa, washa injini, weka hita kwenye joto la mwisho na uiache ipate moto. Kisha zima, na usogeze mkono karibu na ile mipira miwili ya hita, uiguse kwa haraka. Kama kabini ya lori lako huinuliwa, hakikisha nguzo yake imejifunga kabla ya kuingia chini yake.

Mipira yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita. Shida iko kwenye kilango au kebo yake. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, rejeta ndogo imeziba. Yote ikiwa baridi, koki ya hita imefungwa, au mfumo una hewa ndani, au injini yenyewe haifikii joto lake.

Rejeta iliyoziba husafishwa bila kung'oa dashibodi. Injini ikiwa imepoa, chomoa mipira yote miwili, ingiza maji ya bomba yenye nguvu ndogo kwenye upande wa kutokea ili yaende kinyume. Yatatoka mekundu kwa kutu, na pengine na vipande vya magamba. Endelea hadi yawe safi, rudishia mipira, jaza kulanti kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha acha injini iungurume, hita ikiwa wazi, mpaka mapovu yaishe. Kulanti ya zamani ikinge kwenye chombo, usiimwage chini. Ina ladha tamu na ni sumu kwa watoto na mifugo.

Hewa ya moto ikitoka miguuni badala ya kiooni, tazama kebo. Kwenye malori mengi ya zamani yaliyoagizwa kutoka Japani, vilango huvutwa kwa kebo nyembamba za chuma. Mwambie mwenzako azungushe kitufe huku wewe ukimulika chini ya dashibodi. Ukiona waya unacheza lakini mkono wa kilango umetulia, klipu imechomoka, irudishe. Ukiona punje nyeusi za sponji zikitoka kwenye matundu, mpira laini wa kuziba kilango umeoza na hewa inavuja. Hapo sanduku la hita lifunguliwe na sponji mpya ibandikwe.

Kuna dalili moja isiyofaa kupuuzwa: harufu tamu kabini, utando wa mafuta kwenye kioo na zulia lililolowa upande wa hita. Rejeta ndogo inavuja, na hita ndiyo inayoleta ukungu. Hiyo ni kazi ya kubadilisha kifaa.

Mfumo huu huuawa pia na mazoea ya gereji zetu. La kwanza ni kuunganisha ile mipira miwili ya hita moja kwa moja pale rejeta ndogo inapovuja, ati kwetu kuna joto. La pili ni kung'oa themostati. Injini nyingi zimeundwa kufanya kazi kwenye nyuzi 80 na ushei. Bila themostati hukaa baridi, hunywa dizeli zaidi na kulika upesi, na baadhi huchemka, kwa kuwa maji hupita njia ya mkato bila kufika rejeta kubwa. La tatu ni kujaza maji ya kisima badala ya kulanti, kisha kutu inamaliza kazi.

Ukiwa njiani na ukungu umekubana, weka hewa ya nje badala ya ile ya kuzungusha ndani, washa kiyoyozi pamoja na hita kama kipo ili kikaushe hewa, na fungua dirisha kidogo. Usipoona, egesha pembeni. Na wewe mwenye gari, usimtume dereva Mbeya mwezi wa Julai na lori lisilo na hita. Fundi akikuambia kifaa hicho hakina kazi Tanzania, mkatalie.