Kijana wa Mnazi na Vyuo vya Ng'ambo

Kijana wa Mnazi, kule tambarare chini ya milima ya Usambara, akitaka kusomea biashara ng'ambo, huenda akaandika Harvard juu kabisa ya orodha yake. Lakini Harvard, kama Yale na Princeton, haitoi shahada ya kwanza ya biashara. Na katika kila waombaji 100 haichukui hata 5.

Swali la kwanza nyumbani liwe la fedha. Vyuo vingi vya Marekani humpima mgeni kwa uwezo wake wa kulipa pia, hivyo anayeomba msaada hupungukiwa nafasi. Barua ya kukubaliwa si ahadi ya ada. Baba asiuze shamba kabla chuo hakijaandika kitalipa kiasi gani.

Karibu zaidi kuna Makerere, Kampala, na Strathmore, Nairobi: safari ya basi tu. Hata hivyo orodha isiyo na chuo cha nchini ni pungufu. Kipo Mzumbe, kipo Chuo cha Elimu ya Biashara kilichoanzishwa mwaka 1965, na Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi, jirani. D mbili za kidato cha sita zatosha kuomba, ingawa kozi zinazogombewa hudai zaidi.

Atakayekwenda ng'ambo na aulize Tume ya Vyuo Vikuu, kabla ya kulipa chochote, kama cheti cha chuo hicho kitatambuliwa.